Kutoka Chuo Hadi Chuo Kikuu: Somo la Historia na Kisa cha Merikebu Saba

Neno "chuo" kwetu pwani lina maana mbili. Ya kwanza ni pale tulipopelekwa tungali wadogo, tukakaa mkekani na ubao mapajani, tukasoma alifu mpaka juzuu ya Amma, na baadaye tukahitimu msahafu mzima. Ya pili ni chuo kikuu, ambako kijana huenda akiwa ameshaota ndevu, kwa basi la usiku, na sanduku lake na dua za wazee. Wengi hudhani kwamba hicho cha pili ni kile cha kwanza kilichoongezwa ukubwa tu: mwalimu husema, mwanafunzi huhifadhi, na siku ya mtihani hurudisha alichopewa bila ya kupunguza herufi.

Dhana hiyo ndiyo iliyoniangusha mimi. Kazi yangu ya kwanza ya historia katika chuo kikuu ilirudi na alama 38 kwa 100, wakati ambapo mtu hawezi kupita bila ya kufikisha 40. Nilishangaa sana, kwa sababu niliandika yote aliyoyasema mhadhiri, tena kwa mpango ule ule alioyasema. Nikamwendea ofisini, nikiwa na hakika kwamba amenidhulumu. Mhadhiri akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akanieleza kwa upole kwamba maneno yake mwenyewe anayajua. Alichokuwa akikitafuta ni changu mimi, na hakukiona.

Kila mwaka vijana wetu wa Lamu, Malindi, Mombasa na Kwale huingia vyuo vikuu, na wengi hukuta historia katika orodha ya masomo yao. Wapo wanaolipenda somo hilo, na wapo wanaolichukua kwa kuwa hawakupata jingine. Kwa hawa wote, ndugu msomaji, na kwa wazee wanaowalipia karo, nimeona niandike machache niliyojifunza kwa kuanguka na kuinuka.

MHADHARA NI NINI?

Tuanze na neno lenyewe. Mhadhara, mhadhiri, hadhara na kuhudhuria ni maneno yaliyotoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, na maana yake ni kuwapo. Basi sharti la kwanza la mhadhara ni kuwapo, wala si kwa mwili peke yake. Yule anayekaa safu ya nyuma akichezea simu yake hakuhudhuria, hata kama jina lake limeandikwa katika karatasi ya mahudhurio.

Katika vyuo vikuu vyetu, kozi moja ya muhula kwa kawaida huhesabiwa kuwa na saa 45 hivi za mafunzo, yaani kama saa tatu kwa wiki. Aghalabu kazi za katikati ya muhula huchukua alama 30, na mtihani wa mwisho alama 70. Hizo saa 45 ni chache sana. Hakuna mtu awezaye kueleza miaka 1,000 ya pwani kwa saa 45. Kwa hivyo mhadhiri hawezi kukupa historia yote, na wala hajaribu. Anakupa njia tu. Anakuonyesha swali lilipo, nani wamelijibu, na wamekosana wapi. Kazi iliyobaki ni ya mwanafunzi na maktaba.

Ndiyo maana kuandika kila neno ni kazi bure. Mwanafunzi mwema hungojea swali. Kila mhadhara una swali moja lililoushika, kama ukuti unavyoshika majani yake, na aghalabu husemwa katika dakika kumi za mwanzo, wakati wengine bado wanatafuta viti. Liandike hilo juu ya ukurasa. Yatakayofuata yote, tarehe, majina ya masultani, mapigano na biashara, uyapange chini yake kama ushahidi wa kulijibu. Acha nafasi pembeni mwa karatasi kwa maswali yako mwenyewe. Na kabla hujalala usiku ule, uyasome uliyoyaandika na uyafupishe kwa sentensi tatu au nne. Ukingoja wiki mbili, utakuta umeandika mambo ambayo wewe mwenyewe huyaelewi.

Tena kuna hila moja niliyofundishwa na mwenzangu tuliyekaa chumba kimoja. Mihadhara hutolewa kwa Kiingereza, na Kiingereza kina tabia ya kumfanya mtu adhani ameelewa. Kila jioni alikuwa akinilazimisha nimsimulie mhadhara wa siku hiyo kwa Kiswahili, kana kwamba namsimulia mama yangu jikoni. Pale niliposhindwa kusema kwa Kiswahili, ndipo tulipojua kuwa sikuelewa, ila nilikuwa nimebeba maneno tu.

MERIKEBU SABA

Sasa nije kwenye jambo lililonifungua macho. Wiki ya tano tulipewa swali la insha: Je, miji ya Waswahili ilijengwa na wageni waliotoka ng'ambo?

Nilifurahi kupita kiasi. Nilijiambia kwamba hili ni langu, sihitaji kitabu. Nani asiyejua pwani kisa cha mfalme wa Shirazi na merikebu zake saba, kila moja ikatia nanga mahali pake, moja Mombasa, moja Pemba, moja Kilwa? Nani asiyejua namna kisiwa cha Kilwa kilivyonunuliwa kwa nguo za kukizunguka? Babu yangu alitusimulia barazani tangu tukiwa watoto. Nilitaka kukiandika kisa hicho chote, kisha nitie sahihi.

Wenzangu wengine, waliotoka bara, walikuwa na jibu la upande wa pili. Wao walisema kisa hicho ni uongo mtupu, kimetungwa na watu waliotaka kujitenga na Uafrika wao. Tulibishana kwa sauti kubwa, mpaka mmoja akaniuliza kama mimi ni Mwarabu au Mkenya. Sikulala usiku ule. Nilihisi kwamba insha hii si ya alama tena, ni ya jina langu na la babu yangu.

Nilirudi kwa yule mhadhiri. Hakuniambia nani yuko sawa. Alinipa orodha ya kusoma, na akanitaka niulize kila shahidi mambo matatu: Wewe ni nani? Umejuaje? Na una maslahi gani katika haya unayoyasema?

Nikaanza na kisa chenyewe. Nikakuta kwamba kimeandikwa zaidi ya mara moja. Mreno João de Barros alikichapisha mwaka 1552, akiandika kutoka kwao Ureno. Ipo pia tarikhi ya Kilwa kwa Kiarabu, iitwayo Kitab al-Sulwa, ambayo nakala yake iliyoko London ilinakiliwa Zanzibar mwaka 1877, zama za Sayyid Barghash. Habari hizi mbili zinafanana, lakini hazilingani kwa majina wala kwa hesabu. Zote mbili ziliandikwa mamia ya miaka baada ya mambo zinayoyasimulia. Na zote zinatokana na habari za ukoo uliotawala, ukoo ambao ulihitaji kuonyesha haki yake ya kutawala. Hilo halifanyi kisa kuwa uongo. Lakini lanitaka nisikisome kama mtu asomaye hati ya kiwanja.

Nikamwendea Ibn Battuta. Yeye alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akayaona kwa macho yake. Alikuta Waislamu wa madhehebu ya Imamu Shafii, wachamungu, na misikiti ya Mombasa imejengwa kwa mbao. Watu wengi wa Kilwa aliwaeleza kuwa ni weusi sana. Huyu ni shahidi mwenye nguvu, lakini naye alikuwa mgeni wa siku chache, na masimulizi yake yaliandikwa miaka mingi baadaye.

Kisha nikaingia kwa wachimbuzi wa mambo ya kale. James Kirkman alianza kuchimba Gedi mwaka 1948. Neville Chittick alichimba Kilwa na kutoa kitabu chake kikubwa mwaka 1974. Chittick, kwa kutazama sarafu, aliona kwamba hao watawala waitwao Washirazi walifika Kilwa mwisho wa karne ya 12, tena wakitokea pwani ya Banadir na si moja kwa moja kutoka Uajemi. Lakini mwaka 1984 ikachimbuliwa hazina ya sarafu Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, yenye fedha nyingi za hapa pwani na dinari za dhahabu za Wafatimi. Kwa ajili yake wataalamu ikabidi wazirudishe tarehe hizo nyuma zaidi. Hapo nikajifunza jambo ambalo chuoni mkekani singethubutu kulifikiri: kwamba mtaalamu mkubwa anaweza kukosea, na heshima yake isipungue.

Shahidi aliyenishangaza zaidi ni Shanga, katika kisiwa cha Pate, si mbali na kwetu. Mark Horton alichimba hapo miaka ya 1980. Chini ya msikiti wa mawe akakuta msikiti mwingine, na chini yake mwingine, mpaka akafika kwenye kijisikiti kidogo cha miti na udongo cha karne ya 8. Na vigae vya vyungu vilivyokuwa pale vingi ni vya ufinyanzi wa hapa hapa. Fikiri, ndugu msomaji! Kabla ya kasri na kabla ya milango ya nakshi, walikuwapo watu wa pwani hii wakisujudu katika kibanda cha miti.

Mwisho nikawasikiliza wataalamu wa lugha. Derek Nurse na Thomas Spear, katika kitabu chao cha mwaka 1985, walionyesha kwamba Kiswahili ni ndugu wa damu wa Kimijikenda, Kipokomo na Kingazija. Maneno ya Kiarabu yaliyomo ni mengi, lakini mifupa ya lugha ni ya Kibantu.

Leo mwanafunzi ana shahidi mwingine ambaye mimi sikuwa naye. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani kama vile Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa. Katika wengi wa hao wa mijini, asili ya upande wa kike ilikuwa zaidi ya Kiafrika, na asili ya upande wa kiume kwa sehemu kubwa ilikuwa ya Kiajemi, na kuchanganyika kwao kulianza yapata mwaka 1000. Watu walioyasoma hayo wakaruka kwa furaha: Si tulisema! Lakini mwanafunzi wa historia humwuliza na shahidi huyu maswali yale yale matatu. Wengi wa waliochunguzwa walizikwa katika makaburi ya heshima, karibu na misikiti. Je, maskini wa mji, mvuvi na mkulima wa nje ya mji, nao walikuwa hivyo? Mifupa haisemi zaidi ya ilivyoulizwa.

Baada ya kusoma nilivyokuwa navyo wakati ule, niliandika hivi kwa ufupi: kwamba miji yetu ilianzishwa na watu wa hapa hapa, wakasilimu wakiwa bado wanajenga kwa miti na udongo; kwamba wageni walikuja, wakaoa, wakawa jamaa; na kwamba kisa cha merikebu saba ni namna koo zilizotawala zilivyolikumbuka jambo hilo, zikalikuza, na kulifanya hoja ya utawala wao. Nikataja ushahidi wa kila upande, na nikasema wapi ushahidi wangu ni dhaifu. Nilipata alama 71. Mwenzangu mmoja aliyetoa jibu lililo kinyume na langu, lakini kwa ushahidi uliopangwa vizuri, alipata zaidi ya hizo. Basi tukajua kwamba mhadhiri hakuwa akinunua jibu fulani. Alikuwa akipima mizani yetu.

ELIMU HII SI NGENI KWETU

Wapo wazee wanaoogopa kwamba masomo ya namna hii yatawafanya vijana wadharau waliyofundishwa. Hofu hiyo naielewa, lakini naona haina msingi. Kupima habari ni elimu iliyokuwa katika Uislamu kabla ya vyuo vikuu vingi vya Ulaya kuzaliwa. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, hakupokea hadithi kwa kuwa ni nzuri masikioni. Aliuliza imetoka kwa nani, naye kaipata kwa nani, walikutana lini, na je, mtu huyo alikuwa mkweli na mwenye kuhifadhi. Wanavyuoni wakatunga elimu nzima ya kuwachunguza wapokezi. Sisemi kwamba tarikhi ya Kilwa ni sawa na hadithi ya Mtume, haiwezi kuwa. Nasema kwamba kijana aliyekaa katika darsa akasikia habari za isnadi na matni tayari ana ufunguo mkononi, ila hajui kwamba mlango ni huo huo.

Na Ibn Khaldun wa Tunis, aliyezaliwa mwaka 1332 na kufariki Cairo mwaka 1406, alikwenda mbele zaidi. Katika Mukadima yake aliyoiandika mwaka 1377 aliwakosoa wanahistoria waliokuwa wakinakili bila ya kupima. Mfano wake mmoja ni habari iliyosimuliwa na al-Masudi na wengineo, kwamba jeshi la Wana wa Israili zama za Nabii Musa lilikuwa na watu 600,000 au zaidi. Ibn Khaldun aliuliza: nchi gani ingeweza kulilisha jeshi kama hilo? Lingepangwaje vitani, hali mwisho mmoja haujui litendekalo mwisho wa pili? Na vizazi vichache vilivyopita tangu Nabii Yakubu vingewezaje kuzaa umati huo? Haya ndiyo maswali anayotakiwa mwanafunzi ayaulize katika insha yake.

Hata hapa kwetu tunao mifano. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mpaka alipofariki mwaka 1947, aliandika kwa Kiarabu historia ya utawala wa Wamazrui Mombasa. Ni kitabu chenye thamani kubwa, na mwanafunzi mwenye adabu atakisoma huku akikumbuka kwamba mwandishi ni mwana wa ukoo huo. Naye Profesa Ahmed Idha Salim, aliyefundisha historia katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alitoa mwaka 1973 kitabu juu ya Waswahili wa pwani ya Kenya kuanzia 1895 hadi 1965. Kwa hiyo tusiseme kwamba historia yetu huandikwa na wageni peke yao. Mlango uko wazi kwa anayekubali kutaabika.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwa kijana anayefunga sanduku lake sasa, namwachia haya machache.

Soma kabla ya mhadhara, hata kama ni kurasa kumi tu. Anayekuja bila ya kusoma husikia majina. Aliyesoma husikia hoja.

Tafuta wenzako watatu au wanne, mkutane kila wiki, na awemo mmoja asiyekubaliana nawe. Halaka ya watu wenye rai moja haimfundishi mtu.

Uliza. Adabu tuliyofundishwa hutufanya tunyamaze mbele ya mwalimu, na mhadhiri asiyetujua hudhani hatuna la kusema. Ukiona haya kuuliza ukumbini mbele ya watu 200, mwendee ofisini saa alizoziweka. Na ratiba ikigongana na sala ya Ijumaa, mweleze mapema tangu wiki ya kwanza, kwa upole, mtafute njia. Usitoweke kimya kimya halafu ulaumu watu.

Katika insha, jibu swali tangu aya ya kwanza, kisha leta ushahidi. Usinakili cha mtu bila ya kumtaja, wala usiiachie mashine ya kompyuta ikuandikie. Huo ni wizi, na zaidi ya hayo, siku ya mtihani mashine haitaingia nawe ukumbini.

Na katika mtihani wenyewe, soma neno la kwanza la swali. "Eleza" si sawa na "Tathmini". Ukipewa saa mbili na maswali matatu, basi kila swali lina dakika 40 hivi. Wengi huanguka kwa kuandika jibu moja zuri na mawili ya mbio mbio.

Nilirudi nyumbani likizo ile, nikamkuta babu barazani baada ya Alasiri. Jamaa walipokusanyika akaanza kisa chake, na merikebu saba zikatweka tanga kama siku zote. Alipomaliza nilimwuliza, kwa heshima, yeye alikisikia kwa nani. Akanitazama kwa muda. Kisha akasema kwa baba yake, naye kwa ami yake aliyekuwa nahodha, naye kwa mwalimu mmoja wa Pate ambaye jina lake limepotea. Hapo mlolongo ukakatika. Babu hakukasirika hata kidogo. Aliniambia kwamba kwa miaka yote aliyosimulia kisa hicho, hakuna mjukuu aliyewahi kumwuliza, na akaniamuru niingie ndani nilete kalamu na karatasi, niyaandike majina yale kabla na yeye hajaondoka.

Niliyaandika, na karatasi ile ninayo hata leo. Mwenye babu au bibi aliye hai asingoje chuo kikuu kimfundishe kuuliza.